Balbu Gani Niweke? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Taa za Kuokoa Umeme, Dar es Salaam

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukasema "nipe balbu", muuzaji atakuuliza wati ngapi, ya pini au ya skrubu, nyeupe au ya njano. Kabla hujajibu ameshachomeka moja kwenye holda ya kaunta, imewaka, na wewe umeshaingiza mkono mfukoni. Balbu mpya zote huwaka dukani. Maswali haya ni yale ninayoulizwa nikiwa juu ya ngazi nyumbani kwa watu, na majibu ni ya fundi wa majumbani, si ya muuzaji.

Fundi, hizi balbu zinatofautianaje hasa?

Nyumbani utakutana na koo tatu.

Ya kwanza ni balbu ya uzi, ile ya kizamani. Umeme unapasha moto uzi wa tangisteni mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto, na kinachobaki kuwa mwanga ni kidogo sana, kama 5 kwa kila 100. Halojeni, zile spoti ndogo kali za kwenye dari, ni ndugu yake wa damu: ni uzi uleule, umefungiwa kwenye gesi tofauti.

Ya pili ni enaji seva, yenye mirija iliyopinda au kujiviringisha, pamoja na tyubu ndefu za maofisini na madukani. Ndani kuna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita humo unatoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho halioni, na ile poda nyeupe iliyopakwa ndani ya kioo ndiyo inayoigeuza kuwa mwanga.

Ya tatu ni LED. Hapa hakuna uzi wala gesi, ni vipande vidogo vya semikonda vinavyotoa mwanga umeme ukipita. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, zile za vitaa vya redio. Nyeupe ilichelewa kwa sababu ya kukosekana LED ya buluu yenye nguvu, maana nyeupe tunayotumia ni ya buluu iliyofunikwa poda ya njano. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walifumbua fumbo hilo na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa kila wati moja, balbu ya uzi inatoa kama lumeni 12, enaji seva kama 55 hadi 65, LED nzuri 90 hadi 100 na zaidi. Lumeni ndiyo kipimo cha mwanga wenyewe. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa.

Kwa hela, tofauti ni kubwa kiasi gani?

Tuchukue nyumba ya balbu sita, kila moja inawaka saa 5 kwa siku. Hiyo ni nyumba ya kawaida tu, iwe Tabata au Mbagala.

Balbu za uzi za wati 60 zitakula uniti 54 kwa mwezi (uniti moja ni kWh moja, yaani wati 1,000 kwa saa nzima). Enaji seva za wati 14 zenye mwanga unaokaribiana nazo zitakula 12.6. LED za wati 9 zitakula 8.1.

Sasa weka bei. Kwa viwango vya EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, vilivyoanza 2016, mteja wa kawaida wa TANESCO, kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1 unapata ile 356.24 ambayo wengi tunaijua kwa kichwa. Kutoka balbu za uzi kwenda LED unaokoa kama shilingi 16,300 kila mwezi. Kutoka enaji seva kwenda LED unaokoa kama 1,600.

Zitazame hizo namba mbili tena, kwa sababu ushauri wangu mwingi unatoka hapo. Hatua ya kuiacha balbu ya uzi ni kubwa. Hatua ya kutoka enaji seva kwenda LED ni ndogo, na ukiwa unatumia vizuri hutaiona hata kwenye LUKU. Tukishafika huko, LED haichaguliwi tena kwa sababu ya wati. Inachaguliwa kwa uimara wake, aina ya mwanga, na mahali inapokaa.

Aliye kundi la D1, yule wa uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, ana sababu nyingine. Balbu za uzi peke yake zingemla uniti 54 kati ya hizo 75. Feni na runinga vikiongezeka ameshavuka, na kila uniti ya juu ya 75 ni shilingi 350. Kwake balbu ndizo zinazoamua kama atabaki kwenye bei nafuu au la.

Nina enaji seva zinazofanya kazi vizuri. Nizitoe zote niweke LED?

Hapana. Ziache zife zenyewe, kila inayokufa weka LED mahali pake. Isipokuwa sehemu mbili: ya chooni na ya kwenye ngazi au korido. Enaji seva haipendi kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kila kuwashwa kunapunguza umri wake, tena inachukua muda kufikia mwanga kamili. Mtu anaingia chooni, anatoka, taa ndiyo kwanza inachangamka. Huko weka LED leo. Zile enaji seva ulizozitoa zihamishie chumba kinachowashwa jioni na kuzimwa wakati wa kulala.

Balbu za uzi ndizo za kutoa zote mara moja, hata kama ni nzima.

Boksi limeandikwa "wati 9 sawa na wati 75". Niamini?

Usiamini "sawa na". Tafuta lumeni. Balbu ya uzi ya wati 40 inakaribia lumeni 450, ya 60 inakaribia 800, ya 75 kama 1,100, na ya 100 kama 1,500. LED ya wati 9 yenye lumeni 800 hadi 900 imeshika nafasi ya balbu ya wati 60, hapo sawa. Ikidai ni ya 75, muuzaji amevuta kamba. Boksi lisiloandika lumeni kabisa mimi nalirudisha rafuni.

Wati nazo zinadanganywa. Kuna balbu zimeandikwa 15 zinakula 7, na mnunuaji anafurahi kuwa haili umeme kumbe haitoi mwanga pia. Unaweza kuhakiki nyumbani bila kifaa chochote. Kwenye mita yako kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani, friji na chaja zote. Washa balbu tano za aina moja, maana mita nyingi haziusikii mzigo mdogo sana. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1000, chukua 3,600 gawanya kwa sekunde ulizopata, jibu ni wati. Kwa mita ya 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600. Balbu tano za wati 9 ni wati 45, kwa hiyo mita ya 1000 ipepese kila baada ya sekunde 80. Ikichukua sekunde 160, umeuziwa nusu.

Kama mita iko juu ya nguzo, jaribio hili limekupita.

Mbona LED imeandikwa saa 25,000 na yangu imekufa baada ya miezi mitatu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira kuliko yote. Saa 25,000 kwa matumizi ya saa 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 13. Mtu anaona miezi mitatu, anasema LED ni utapeli, anarudi kwenye balbu ya uzi. Namwelewa.

Ile namba ni umri wa vile vipande vya LED vikiwa kwenye hali nzuri, mpaka mwanga wake upungue kufikia asilimia 70. Balbu haifi kwa kuchoka kwa LED. Inakufa kwa vitu vingine viwili.

Cha kwanza ni draiva, ile saketi ndogo iliyofichwa shingoni inayopokea umeme wa TANESCO na kuupunguza uwafae LED. Draiva nzuri ina kapasita zinazostahimili joto na inafanya kazi kwenye volti nyingi. Utaona imeandikwa 85–265V au 100–265V. Draiva ya bei ya kutupa ina kapasita moja na vipingamizi viwili vitatu, basi. Umeme ukipanda, LED zinabeba mzigo wote. Imeandikwa 220–240V, na mtaani kwako saa mbili usiku umeme unashuka mpaka feni inazunguka kivivu, halafu usiku wa manane unapanda. Unategemea nini?

Cha pili ni joto. LED haitoi joto mbele kama balbu ya uzi, inalitoa nyuma, kwenye shingo, hapohapo alipo draiva. Ndiyo maana balbu nzuri ina alumini ndani ya ule mwili wa plastiki, na ukiishika inakuwa nzito kidogo. Nyepesi kama pakiti ya bisikuti tupu, iache. Sasa chukua balbu hiyo, ifungie ndani ya glopu la kioo lililozibwa, lishikamane na dari ya jipsamu, juu yake paa la bati lililopigwa jua tangu asubuhi, Februari, Dar. Hiyo ni oveni. Kwenye glopu lililozibwa weka balbu ya wati ndogo, 5 au 7, au nunua taa iliyotengenezwa LED nzima na mwili wa chuma.

Ukiifungua balbu iliyokufa, ule mfuniko mweupe unang'oka kwa kuuzungusha, utaona vidoti vya njano vimepangwa duara. Mara nyingi kimoja kina nukta nyeusi katikati, ndogo kama kichwa cha pini. Hicho ndicho kilichoungua, na kwa kuwa vimeunganishwa kwa mfululizo, kimoja kikikata vyote vinazima. Kuna vijana mtaani wanaunganisha juu ya kile kilichoungua kwa risasi na balbu inawaka tena. Inawaka kweli. Ila vilivyobaki sasa vinabeba zaidi, na baada ya muda kingine kinafuata. Sikatazi, mradi balbu iwe imechomolewa kwanza, na isiwekwe chumba cha mtoto.

Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, wana adui wa ziada: hewa ya chumvi. Huko holda zinaota kutu la kijani, mguso unakuwa hafifu, balbu inapepesa, mwenye nyumba anabadilisha balbu tatu mfululizo bila kujua kuwa tatizo ni holda. Badilisha holda kwanza.

Umeme ukikatika na kurudi, balbu zinaungua. Nifanyeje?

Umeme ukikatika, zima swichi za taa pamoja na friji. Ukirudi subiri dakika tano ndipo uwashe. Sekunde za kwanza za kurudi ndizo mbaya. Balbu zenye draiva ya volti pana zinavumilia zaidi. Kama mtaa mzima mnaunguza vitu kila mara, basi tatizo si balbu. Pigeni simu TANESCO mkiwa wengi, muwaeleze volti zinapanda.

Ikiwa ni nyumba yako peke yake, na taa zinang'aa kupita kiasi upande mmoja huku zinafifia upande mwingine, zima sakiti breka kubwa sasa hivi. Nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, imelegea mahali. Hapo huhitaji balbu, unahitaji fundi leo leo.

Nyeupe au ya njano?

Dar tunapenda nyeupe kali. Mtu akiona njano anadhani umeme ni mdogo. Lakini rangi haina uhusiano na nguvu: kuna njano ya lumeni 800 na nyeupe ya lumeni 800, na umeme ni karibu uleule.

Rangi inapimwa kwa kelvini. 2,700 hadi 3,000 ni njano ya balbu ya zamani. 4,000 iko katikati, nyeupe iliyotulia. 6,500 ni ile ya kibuluu inayouzwa kila duka. Mimi chumbani naweka 3,000, jikoni na sebuleni 4,000. 6,500 naiweka stoo. Mwanga wenye buluu nyingi usiku unaupa mwili habari kuwa bado ni mchana na usingizi unachelewa, hasa kwa watoto. Ukikosa 4,000 Kariakoo, na mara nyingi utaikosa, changanya: njano moja na nyeupe moja kwenye chumba kikubwa. Mke wa mteja wangu mmoja aliniambia sebule imekuwa kama baa. Ladha hazifanani.

Kwa taa ya barazani njano ina faida nyingine: wadudu. Wengi wao huvutwa zaidi na mwanga wa buluu na urujuanimno. Ukitaka kupunguza kumbikumbi wakati wa masika, na mijusi inayowafuata ukutani, weka njano nje. Hawataisha, watapungua. Na usitegemee hilo kwa mbu. Mbu anayekuuma anafuata pumzi na joto lako. Chandarua palepale.

Nina duka la vitenge. Wateja wanasema rangi waliyoiona ndani siyo wanayoiona nje.

Hiyo ni CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, jua likiwa 100. Balbu nyingi za kawaida ni 80 au chini, na zinapoanguka sana ni kwenye nyekundu. Kitenge cha damu ya mzee kinaonekana kahawia, kanga nyekundu inapauka. Tafuta iliyoandikwa CRI 90 au Ra 90, rangi ya 4,000 au 5,000. Ni ghali zaidi na inatoa lumeni pungufu kidogo kwa wati ileile. Kwa fundi cherehani anayelinganisha nyuzi, saluni inayopaka vipodozi, na bucha, hela hiyo inarudi. Bucha wengine wanaweka taa yenye wekundu ili nyama ionekane mbichi. Mnunuaji, itoe nyama nje uitazame juani.

Kabla ya kununua, beba kipande cha kitambaa chekundu mpaka dukani. Kiweke chini ya balbu ya majaribio, halafu toka nacho mlangoni.

Ofisini kwetu kuna tyubu za futi nne. Tubadilishe?

Ndiyo, na hapa faida ni kubwa kuliko kwa enaji seva, kwa sababu zinawaka siku nzima. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, inakula kama wati 45. Tyubu ya LED ya wati 18 inashika nafasi yake, maana mwanga wake wote unaelekea chini badala ya kupotelea kwenye dari. Tyubu 20 kwa saa 9 kwa siku, siku 26 za kazi, ni uniti 210 za zamani dhidi ya 84.

Kwenye ufungaji ndipo watu wanaumia. Tyubu za LED si za namna moja. Nyingine zinalishwa umeme upande mmoja, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwenye pini mbili za kichwa kimoja. Nyingine zinalishwa pande zote mbili. Nyingine zinakuja na stata (kile kidude cha kuanzishia tyubu) yake ya bandia, unatoa ya zamani unaweka hiyo, umemaliza, ilimradi choki ni ile nzito ya chuma. Kama choki ni ya kielektroniki, inatolewa na waya zinaungwa upya. Soma mchoro ulio kwenye boksi kabla ya kupanda ngazi. Na ukishaunga upya, bandika karatasi ndani ya taa iseme "LED tu", ili siku moja mtu asichomeke tyubu ya zamani humo.

Taa ya nje inayowaka usiku kucha?

Hii ndiyo taa muhimu kuliko zote nyumbani kwa hesabu ya umeme, na ndiyo inayosahaulika. Inawaka saa 12, siku 30: saa 360. Fladi, ile taa kubwa ya kumulika uwanja, ya wati 50 inakula uniti 18 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya zile LED sita za ndani zikijumlishwa. Getini LED ya wati 10 inatosha, uniti 3.6. Uani weka yenye sensa ya mwendo. Mwizi anashtuka zaidi taa ikimwakia ghafla kuliko ikiwa inawaka tangu magharibi.

Angalia imeandikwa IP65. Hiyo ni kinga dhidi ya vumbi na maji ya mvua. Taa ya ndani ukiiweka nje chini ya kibaraza, masika itaingia tu.

Balbu za kuchaji, zile zinazobaki zinawaka umeme ukikatika, ni za kweli?

Ni za kweli. Muuzaji anaishika kwa vidole viwili kwenye kitako inawaka mkononi, watu wanashangaa. Hakuna uchawi, ndani kuna betri ndogo ya lithiamu, na vidole vyako vinakamilisha njia ya umeme mdogo sana inayoiambia balbu iwake. Ikiwa kwenye holda lazima swichi iwe imewashwa ndipo ijichaji, na umeme ukikatika usizime swichi. Mwanga wake kwa betri ni hafifu kuliko wa kawaida, na saa zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze wewe mwenyewe.

Betri haipendi joto, na humo iko jirani na draiva. Ikichoka, inabaki balbu ya kawaida iliyokugharimu zaidi. Weka moja sebuleni na moja jikoni. Usijaze nyumba nzima.

LED yangu ikizimwa inaendelea kuwaka kwa mbali, kama kimulimuli.

Kuna sababu tatu. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo gizani: kitaa hicho kinapitisha umeme kidogo ambao balbu ya uzi isingeuhisi, LED inauhisi. Badilisha swichi. Au waya ndefu zilizolazwa pamoja zinaambukizana umeme kidogo, haina madhara. Au, na hii ndiyo inayonifanya nipande ngazi haraka, aliyefunga nyumba alikata nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Taa inazima, lakini holda inabaki na umeme. Siku ukibadilisha balbu kwa mkono wenye maji ndipo utajua. Mwite fundi apime kwa testa swichi ikiwa imezimwa.

Balbu inapepesa. Nikipiga video naona mistari myeusi inapita.

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo draiva dhaifu inaacha mwanga upande na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera ya simu inaona, na baadhi ya watu wanaumwa kichwa. Dukani washa kamera, isogeze karibu na balbu. Mistari mizito inayotembea, iache. Hii ni njia rahisi kuliko zote ya kuijua draiva bila kuifungua.

Pini au skrubu?

Kama holda yako. Kwa nyumba mpya naweka skrubu, mguso wake unakaa vizuri zaidi.

Spoti za kwenye jipsamu na zile taa za mkanda?

Spoti ya halojeni ya wati 50 inashikwa na LED ya wati 5 hadi 7. Kama zile za zamani zilikuwa za volti 12, kuna transfoma juu ya dari, na nyingi zinapepesa zikiwekewa LED kwa kuwa mzigo umekuwa mdogo mno, itolewe. Mikanda ya rangi pembezoni mwa dari ni pambo, si taa ya kusomea. Watu wanaiwasha wiki ya kwanza na wageni wakija.

Enaji seva ikivunjika ndani ni hatari?

Ina zebaki miligramu chache tu, lakini si ya kuchezea. Toa watoto, fungua madirisha, zima feni, ondoka robo saa. Usifagie, ufagio unaisambaza. Kusanya kwa karatasi ngumu, malizia vumbi kwa gundi ya selotepu, weka vyote kwenye kopo lenye mfuniko. Usiichome na taka uani.

Zebaki hiyo ndiyo inayoziondoa sokoni. Nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya enaji seva za kawaida kufikia 2025, na mkutano wa Geneva wa 2023 ukaweka 2027 kuwa kikomo cha mwisho cha tyubu. Waliolisukuma pendekezo hilo mezani ni nchi za Afrika, zikihofia kuwa dampo la zile zisizotakiwa Ulaya. Kutumia ulizonazo hakukatazwi. Ila ukiona zinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue ni kwa nini.

Nitajuaje nzuri dukani kwa haraka?

Uzito, lumeni kwenye boksi, volti pana, kamera ya simu, alama ya ubora ya TBS. Omba risiti ya EFD na garantii iandikwe juu yake kwa mkono, na tarehe. "Ikiungua rudisha" ya mdomo inaishia mlangoni. Nunua moja kwanza, ikae wiki mbili kwenye glopu lenye joto kuliko yote nyumbani, ndipo urudi kununua kumi. Bei ya juu peke yake si ushahidi. Boksi zuri linachapishwa popote.

Tupo wapangaji watano kwenye LUKU moja. Mmoja anaacha taa usiku kucha na tunachanga sawa. Tufanyeje?

Kwanza mjue ni balbu gani. Kama ni ya uzi ya wati 100, saa 10 kila usiku, ni uniti 30 kwa mwezi, na mna haki ya kulalamika. Mnunulieni LED, kwa mchango, itajilipa ndani ya mwezi. Kama ni LED ya wati 9, usiku kucha mwezi mzima haifiki uniti 3. Mnamgombeza bure.

Kuchemsha lita moja ya maji kwa jagi la umeme kunakula kama uniti 0.1, na hiyo ingewasha LED ya wati 9 kwa saa 11. Baada ya balbu zote kuwa LED, ugomvi uhamie kwenye pasi, jagi, jiko la koili na friji ya soda ya yule wa chumba cha mbele. Na kwa kuwa mkiwa watano mtavuka uniti 75 kwa vyovyote, bei ya D1 haiwahusu. Mwombeni mwenye nyumba awafungie mita ndogo kila chumba, gharama mgawane naye, na balbu ya korido iungwe kwenye mita ya mwenye nyumba.